Upele Gani?

Mteja anayeingia duka la dawa pale Feri, Mombasa, upande wa kisiwani ambako watu wa Likoni hushuka kwa maelfu kila asubuhi, mara nyingi hahitaji maneno mengi. "Nipe dawa ya upele." Muuzaji naye hana haja ya kudadisi, maana nyuma ya mteja huyo wapo wengine, na matatu haimngoji mtu. Tyubu ya krimu inatoka, shilingi zinaingia, mtu anakwenda zake. Swali ambalo halikuulizwa ni moja tu: upele gani?

Swali hilo si ubishi wa wanalugha. Katika Kiswahili cha kliniki, upele ni ugonjwa mmoja wenye chanzo kimoja, mdudu wa jamii ya utitiri aitwaye Sarcoptes scabiei, anayechimba ndani ya tabaka la juu la ngozi. Katika Kiswahili cha mtaani, upele ni chochote kilichotokeza juu ya ngozi kikamfanya mtu ajikune. Maana ya kwanza inataja chanzo, ya pili inataja sura. Kila moja ni sahihi mahali pake, na taabu inaanzia hapo hapo, kwa sababu dawa hutibu chanzo.

Mwenyeji wa Mvita hujaribu kulitatua jambo hili kwa sarufi. Akisema mtoto "ametoka vipele", amesimulia tukio: jana hakuwa navyo, leo anavyo, huenda ni joto, huenda ni chakula. Akisema mtoto "ana upele", ametaja ugonjwa, na mara nyingi amewasema wazazi pia, kwamba kwao hakuogwi na matandiko hayafuliwi. Ndiyo maana mama atakiri mbele ya jirani kwamba mwanawe ametoka vipele, lakini ule upele ataukana mpaka mwisho. Methali ya upele kumwota asiye na kucha husemwa juu ya neema iliyomwangukia asiyeweza kuitumia, lakini aliyeitunga alikuwa ameshika jambo la kitabibu: kiini cha upele ni muwasho. Doa lisilowasha, hata likiwa baya vipi, lina jina jingine.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Jike lake halifiki urefu wa nusu milimita. Huchimba kijia chembamba kwenye ngozi na kutaga mayai mawili au matatu kwa siku, kwa muda wa mwezi mmoja hivi, mpaka afe. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne. Mgonjwa wa kawaida hubeba majike 10 hadi 15 tu mwili mzima, idadi inayowashangaza wengi wanaotazama vipele vilivyomwenea mtu tumboni na mapajani. Vipele vile si makao ya wadudu wote hao. Ni mwili unaowakataa wageni wachache, pamoja na mayai yao na kinyesi chao. Kwa mtu aliyeambukizwa mara ya kwanza, mwili huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kulalamika. Katika muda huo hajikuni, hana alama, na tayari ameshawagawia anaolala nao. Aliyewahi kuugua zamani huanza kuwashwa ndani ya siku chache.

Mdudu huyu haruki wala hana mbawa. Hutambaa kutoka ngozi hadi ngozi, na huhitaji mguso wa kukaa, si wa kupita. Kwa hivyo ile hofu ya kuupata upele ndani ya feri, watu waliposongamana bega kwa bega baina ya magari na mikokoteni, haina uzito mkubwa. Abiria wamevaa nguo na kivuko ni cha dakika chache. Upele hupatikana mahali ambapo watu hulala pamoja: kitanda cha watoto watatu, bweni la shule, selo, chumba cha vibarua wanaopokezana godoro. Wala haupimi usafi wa mtu. Kuoga mara tatu kwa siku hakumtoi mdudu aliyekwishajichimbia, ingawa sabuni husaidia vidonda vya kujikuna visioze. Aibu inayofungamanishwa na neno hili haina msingi, na ina gharama, kwa sababu anayeona haya humtibu mmoja kwa siri na kuwaacha sita wakijikuna.

Wazee wa pwani walikuwa na neno linaloonyesha kwamba walikuwa wameijua tiba. Unga wa manjano wa salfa waliuita kiberiti upele. Watu waliusaga na kuuchanganya na mafuta wakajipaka, na hadi leo hospitali hutumia salfa ya asilimia 5 hadi 10 ndani ya mafuta mazito, hasa kwa watoto wachanga na waja wazito, kwa kuwa ni salama. Inanuka na inachafua nguo, na hizo ndizo sababu kubwa za kupoteza umaarufu wake. Kule Ulaya, Giovanni Cosimo Bonomo alimchora mdudu wa upele mwaka 1687 akasema wazi kwamba ndiye chanzo. Madaktari wengi hawakumsadiki, wakaendelea kulaumu damu chafu. Ilibidi ifike mwaka 1834 ndipo mwanafunzi wa udaktari kutoka Corsica, Simon-François Renucci, alipomtoa mdudu huyo kwa ncha ya sindano mbele ya walimu wake Paris. Ufundi huo aliuona kwa wanawake wa vijijini kwao. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu makala za afya hupenda kuonyesha mtaa kuwa mjinga na hospitali kuwa mwerevu, na historia ya upele haikwenda hivyo.

Hata hivyo si kila cha mtaani ni Corsica. Ukitoka Feri ukaingia mjini hadi soko la Marikiti, utauziwa mwarobaini na manjano kwa ajili ya upele, na muuzaji atakuhakikishia kwamba hata madaktari wamekubali. Upo utafiti kweli, wa India, uliochapishwa mwaka 1992, ulioripoti kwamba mchanganyiko huo uliwaponya karibu wagonjwa wote. Lakini hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, na bila kundi hilo huwezi kujua nini kimemponya nani. Mwarobaini haumdhuru anayejipaka. Kinachomdhuru ni wiki tatu anazosubiri.

Sasa tuje kwa vile vingine vinavyojibanza chini ya jina hilo hilo. Harara ni ya joto: vitundu vya jasho vimeziba, vijipele vidogo vimejaa shingoni na mgongoni, na dawa yake ni hewa na nguo nyepesi. Pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu, hukaa sana kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, huja na kuondoka kwa miaka, na mara nyingi kuna mtu katika ukoo mwenye pumu ya kifua. Choa ni fangasi, duara lenye kingo zilizoinuka na kati palipo shwari. Kikiingia kichwani mwa mtoto huitwa mapunye. Tetekuwanga huja na homa na malengelenge ya rika mbalimbali kwa pamoja, mengine ndiyo kwanza yanachipuka na mengine yamekauka. Haya yote hutibiwa kwa njia zisizofanana, na baadhi hayahitaji dawa kabisa.

Tyubu moja ndiyo inayoyaunganisha. Krimu nyingi zinazouzwa kwa haraka zina mchanganyiko wa steroidi kali, kama klobetasoli au betamethasoni, pamoja na dawa ya fangasi na antibiotiki. Mantiki yake ni ya kibiashara: ikiwa hujui ni nini, weka vyote, kimoja kitapata. Steroidi hushusha muwasho haraka, na mteja hurudi kushukuru. Lakini steroidi hutuliza kwa kuunyamazisha mwili, si kwa kumwondoa adui. Choa kilichopakwa steroidi hupoteza duara lake, hutambaa kimyakimya na kuenea kiasi kwamba hata mtaalamu akikiona hushindwa kukitambua kwa macho. Upele nao hufichika vivyo hivyo, mgonjwa akidhani amepona huku wadudu wakiongezeka. Zaidi ya hayo, dawa hizo hizo hukondesha ngozi na kuifanya nyeupe, ndiyo sababu zimo pia ndani ya mkorogo wa wanaojichubua. Kaunta moja huuza kitu kimoja kwa majina mawili.

Kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka, iwe kwa virusi vya UKIMWI, uzee au steroidi zenyewe, upele huweza kugeuka kuwa ule wa magamba, ambapo wadudu hufika maelfu, hata mamilioni, na ngozi hujifunga ukoko mzito. La ajabu ni kwamba mgonjwa huyu huenda asiwashwe sana, na kwa hivyo mtaani hataitwa mwenye upele. Ndiye anayeambukiza kuliko wote. Madaktari wa Norway, Danielssen na Boeck, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1848 kwa wagonjwa wa ukoma, na baadaye vitabu vikauita upele wa Norway, kana kwamba Norway iliuzaa.

Jina lililobeba mahali au mnyama asiyehusika lilituletea shida kubwa zaidi karibuni. Mwishoni mwa Julai 2024 Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa mpoksi, msafiri aliyegunduliwa mpakani Taveta. Wiki mbili baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa, ambayo iliondolewa Septemba 2025. Katikati ya mwaka huo wa 2025, Kaunti ya Mombasa ndiyo iliyokuwa ikiongoza nchini kwa wagonjwa. Shirika lilikuwa limeliacha jina la kale la Kiingereza, monkeypox, tangu Novemba 2022, kwa sababu lilichochea ubaguzi na pia lilipotosha. Virusi vilionekana kwanza mwaka 1958 kwa nyani wa maabara mjini Copenhagen, lakini wanaodhaniwa kuvihifadhi porini ni wanyama wa jamii ya panya. Binadamu wa kwanza kuthibitishwa alikuwa mtoto mchanga nchini Kongo, mwaka 1970.

Vyombo vya habari vya Kiswahili vilikuwa vimeshazoea "homa ya nyani". Nalilaumu jina hilo kuliko la Kiingereza. Hilo la Kiingereza lilikosea mnyama tu, letu limekosea mnyama na likaufuta upele. Mtu aliyesikia redioni juu ya homa ya nyani alikaa akingojea homa na kujiuliza nyani amemgusa wapi. Alipotokwa na vijipele sehemu za siri alienda Feri kununua dawa ya upele, au akanyamaza kwa kuogopa kuambiwa ni zinaa. Afadhali "ndui ya nyani", ambayo angalau ilimtaja ndugu yake wa karibu. "Mpoksi" haimwambii Mswahili chochote, lakini pia haimdanganyi.

Ndui yenyewe imeacha funzo pwani hii hii, juu kidogo kaskazini. Mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipoanza kuugua walimtibu malaria. Vipele vilipotokeza, wakasema ni tetekuwanga. Ilikuwa ndui, na kila siku aliyoitwa kwa jina lisilo lake alikuwa akipokea wageni. Ilibidi watu aliokutana nao watafutwe na kuchanjwa mmoja mmoja. Bahati njema hakuna aliyeupata kutoka kwake, na Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Mpoksi hutofautianaje na upele wa mdudu kwa mtu aliyesimama mbele ya kaunta? Wa mpoksi mara nyingi hutanguliwa au huandamana na homa, uchovu na matezi yaliyovimba shingoni au kinenani. Vipele vyake huuma kabla ya kuwasha, hujaa usaha, huwa na kijishimo katikati, na havikwepi uso, viganja wala nyayo. Upele wa mdudu hauleti homa. Hupenda mikunjo: baina ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni, kitovuni, chini ya matiti, makalioni, sehemu za siri. Uso wa mtu mzima husalimika, ingawa mtoto mchanga hutokwa hadi kichwani na nyayoni. Na upele wa mdudu ni wa usiku. Muulize mama, "Yuwajikuna saa ngapi zaidi?" Akijibu kwamba akishalala ndipo nyumba nzima haipati usingizi, umekaribia jawabu.

Kuna tatizo jingine ambalo mabango ya afya hulisababisha bila kujua. Mengi hutafsiriwa kutoka vitabu vilivyoandikiwa ngozi nyeupe, na hivyo humwambia msomaji atazame "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo. Huonekana rangi ya zambarau, kahawia iliyokolea, au ngozi iliyozidi kuwa nyeusi, na baada ya kupona hubaki madoa meusi kwa miezi ambayo mgonjwa huyahesabu kuwa ugonjwa unaoendelea. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari jijini London mwenye asili ya Zimbabwe, alishirikiana na walimu wake kutoa kitabu cha picha za dalili kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu darasani hakuzionyeshwa. Sisi tuna jirani aliyeliona jambo hili mapema zaidi. Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na maofisa tabibu wa nchi nyingi za Afrika wamejifunza hapo kusoma ngozi za watu wao.

Upande wa dawa una habari njema, na sehemu yake imetoka ng'ambo ya kivuko. Ivermektini ni kidonge cha kumeza, humezwa mara mbili kwa kupishana wiki moja au mbili, na tangu 2019 imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu kwa ajili ya upele. Miaka miwili kabla ya hapo upele ulikuwa umeingizwa katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Wakati wowote unaoutaja, watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao. Zanzibar iliona nguvu ya kidonge hiki bila kuikusudia: walianza kuwagawia wananchi ivermektini na albendazoli mwaka 2001 kupambana na matende, na baada ya awamu kadhaa wagonjwa wa upele waliofika vituo vya afya wakapungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Kenya nayo iliiongeza ivermektini katika kampeni ya matende mwaka 2018, sehemu za Lamu na Jomvu hapa Mombasa.

Kisha Kwale. Watafiti wa mradi wa BOHEMIA waliwapa watu wa huko ivermektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, si kwa ajili ya upele bali ili mbu anayewauma afe. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha maambukizi mapya ya malaria kwa watoto yamepungua kwa asilimia 26. Kule Mopeia, Msumbiji, mradi huo huo uliona pia upele na chawa wakipungua. Sidhani kama wakazi wa vijiji hivyo wataisifu dawa kwa malaria ambayo hawakuugua; wataisifu kwa usiku waliolala bila kujikuna. Mpango wowote wa afya unaotaka kukubalika pwani ungefanya vyema kulikumbuka hilo. Kidonge hiki hakipewi mjamzito wala mtoto aliye chini ya kilo 15, na hao ndio wa kurudi kwenye salfa au krimu ya pamethrini.

Dawa za kupaka hushindwa kwa sababu za kawaida kabisa. Pamethrini ya asilimia 5 hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, na chini ya kucha, ikakaa usiku kucha, kisha ikarudiwa baada ya wiki. Watu hupaka pale panapowasha tu. Benzili benzoeti, yale maji meupe ambayo kwa kawaida bei yake ni nafuu, huchoma kwenye michubuko, na mtoto aliyeungua mara ya kwanza hatakubali mara ya pili. Nguo na mashuka hufuliwa kwa maji moto na kupigwa pasi. Yasiyofulika hufungwa kwa siku tatu au zaidi, maana mdudu akikosa mtu hafiki mbali. Maelekezo ya kigeni husema yafungwe kwenye mfuko wa plastiki, nasi mifuko hiyo tuliipiga marufuku Agosti 2017, kwa hivyo gunia lililofungwa vizuri litatosha. Halafu kuna wiki mbili hadi nne za muwasho baada ya wadudu wote kufa, kwa sababu mizoga imo bado ndani ya ngozi. Wengi hudhani dawa imeshindwa, wakarudi Feri kutafuta yenye nguvu zaidi, na hapo ndipo wanapouziwa steroidi.

Basi, ndugu msomaji, siku ukisimama mbele ya kaunta ile usianze na jina la ugonjwa. Sema panapowasha, sema ni saa ngapi, sema kama una homa au matezi, na sema ni nani mwengine nyumbani anayejikuna. Muuzaji asiyetaka kusikia hayo mwachie tyubu yake uende kliniki. Na ukiambiwa ni upele kweli, nyumba nzima ijipake usiku mmoja, hata wale wasiowashwa.